Gesi Itokayo Katika Kuni: Habari za Tanuri Livutalo Hewa Chini



Watu wa Kilwa hawana haja ya kufundishwa neno gesi. Mwaka 1974 gesi ya asili ilipatikana katika kisiwa cha Songo Songo, na tangu mwaka 2004 hupelekwa Dar es Salaam kwa bomba: kilomita 25 chini ya bahari mpaka Somanga, na kilomita 207 katika nchi kavu. Lakini iko gesi nyingine isiyochimbwa baharini wala ardhini. Hiyo hupikwa kwa kuni, ndani ya tanuri la chuma ambalo kimo chake chaweza kuwa sawa na cha mtu, nayo huweza kuendesha injini ya kusaga mahindi, ya kuvuta maji, au ya kufua umeme. Mazungumzo ya leo ni juu ya tanuri hilo: jinsi lilivyoundwa, jinsi linavyofanya kazi, faida yake, na hatari yake, kwa maana hatari yake ni kubwa, na asiyeijua asilikaribie.

Huenda mtu akauliza, "Tuna gesi ya Songo Songo, ya kuni ya nini tena?" Jibu ni kwamba bomba hupita njia yake, na vijiji vingi viko mbali na njia hiyo. Mashine ya kusaga ya mafuta iliyoko bara, upande wa Liwale au Nachingwea, hutegemea mafuta yanayoletwa kwa gari. Nanyi mwajua desturi ya barabara zetu. Kabla ya daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, kufunguliwa juu ya mto Rufiji mwaka 2003, safari ya kusini wakati wa masika ilikuwa ni kubahatisha. Hata baada ya daraja hilo, mwezi wa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua kubwa, barabara ikakatika huko Somanga wilayani Kilwa, magari yakasimama pande zote mbili. Barabara ikikatika mafuta hayapiti. Mafuta yasipopita mashine hunyamaza. Na mashine ikinyamaza, kina mama hurudia mchi na kinu. Basi si upuuzi kuuliza kama injini yaweza kulishwa kwa kitu kilichopo papo hapo kijijini.

Gesi hiyo ni nini?

Tazameni kwanza jiko la makaa jioni, kabla taa haijawashwa. Makaa yakiisha kukolea, juu yake huonekana ndimi ndogo za rangi ya samawati. Hizo si makaa yenyewe yanayowaka. Ni hewa iliyotoka katika makaa, nayo inashika moto inapokutana na hewa ya nje. Hewa hiyo huitwa kaboni monoksaidi. Sasa, kama tungeweza kuizuia isiwake pale juu ya jiko, tukaivuta kwa bomba mpaka ndani ya injini, ikawake humo, ingesukuma pistoni kama petroli inavyosukuma. Hiyo ndiyo siri yote ya tanuri la gesi: kuuchoma mti nusu tu, ili nusu ya pili ya moto iwake ndani ya injini.

Lakini kuni si makaa. Ukiweka ukuni mbichi motoni, waona moshi mzito wenye kuwasha macho. Ndani ya moshi huo mna lami, yaani utomvu mweusi unaonata, kama ule unaoganda katika paa la jiko la kuni. Lami hiyo ikiingia katika injini hugandisha vali, huziba mabomba, na kwa siku chache injini hufa. Kwa hiyo mwenye kutaka kutumia kuni hana budi kwanza kuishinda lami.

Namna mbili za kupitisha hewa

Namna ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, ni kuingiza hewa chini ya tanuri na kutoa gesi juu, kama moshi upandavyo katika dohani. Kuni hutiwa kutoka juu. Ubaya wake ni huu: gesi ya moto ikipanda hupita katika kuni ambazo ndiyo kwanza zinaanza kuungua, huchukua moshi na lami yake yote, ikatoka nayo. Gesi ya namna hiyo yafaa kwa kuchomea matofali au chokaa, lakini injini haiiwezi.

Namna ya pili ni kuigeuza safari. Hewa huingizwa katikati ya tanuri, na gesi huvutwa chini badala ya kupanda. Basi moshi unaotoka katika kuni za juu hauna njia ila kushuka na kupita katikati ya moto mkali. Humo lami huvunjikavunjika kwa joto, ikageuka kuwa gesi nyepesi iwezayo kuwaka. Kile kilichokuwa adui wa injini kimekuwa chakula chake. Hili ndilo tanuri livutalo chini, na mtu aliyelitia umaarufu kwa kuni ni Georges Imbert wa Alsace, katika Ufaransa, miaka ya 1920.

Sehemu za tanuri kutoka juu mpaka chini

Tulitazame tanuri kama tungelikuwa kipande cha ukuni kinachoshuka ndani yake.

Juu kabisa ni ghala, lenye kifuniko kinachobana barabara. Humo ukuni hukauka kwa joto lipandalo kutoka chini. Maji yake hugeuka mvuke. Sehemu hii haizidi digrii 200 za sentigredi.

Chini yake ukuni huingia mahali ambapo hewa haifiki lakini joto linafika, kati ya digrii 200 na 500. Hapa hauwaki bali huvunjika: moshi na lami hutoka, na kinachobaki ni kaa. Yeyote aliyepata kufukia tanuri la mkaa kwa udongo ameiona kazi hii, isipokuwa yeye moshi wake hupotea angani, na hapa moshi haupotei.

Sehemu ya tatu ni ya moto wenyewe. Matundu kadhaa ya hewa yamepangwa kuuzunguka ukuta, nayo hupuliza kuelekea katikati. Joto hufika digrii 1,000 na kuzidi. Chini kidogo ya matundu hayo tanuri hubanwa, likawa na koo jembamba kama shingo ya mtungi. Koo hilo halikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuulazimisha moshi wote upite mahali pa moto mkali, pasiwe na upenyo wa pembeni wa kutorokea. Koo likiwa pana mno kuliko haja ya injini, katikati hupoa, na lami hupita salama. Likiwa jembamba mno, gesi haitoshi na injini hukabwa. Kwa sababu hiyo tanuri hupimwa kwa injini yake, kama kiatu kwa mguu. Na injini kubwa ikiendeshwa polepole mno hupata gesi yenye lami, kwa kuwa moto hauvutwi vya kutosha.

Sehemu ya nne, chini ya koo, ni tandiko la makaa mekundu lililokaa juu ya chanja cha chuma. Hewa iliyokwisha kuungua, pamoja na mvuke wa maji, hupita katika makaa haya. Makaa huinyang'anya oksijeni yake: hewa iliyoungua hugeuka kaboni monoksaidi, na mvuke hugeuka kaboni monoksaidi pamoja na haidrojeni. Mabadiliko haya hunywa joto, kwa hiyo gesi hupoa kidogo kidogo inaposhuka. Majivu huanguka chini ya chanja, nayo lazima yazolewe.

Gesi itokayo, katika sehemu 100, huwa na kaboni monoksaidi kama 20, haidrojeni kati ya 15 na 20, methani kidogo, hewa iliyoungua kama 10, na naitrojeni karibu 50. Naitrojeni haiwaki, imeingia tu pamoja na hewa, kama abiria asiyelipa nauli. Ndiyo maana gesi hii ni dhaifu. Gesi ya Songo Songo, ambayo karibu yote ni methani, ina joto mara saba hivi kuliko gesi ya kuni, kipimo kwa kipimo.

Safari ya gesi mpaka injini

Gesi ikitoka tanurini ni ya moto na ina vumbi. Kwanza hupitishwa katika chombo cha mviringo kinachoizungusha kwa kasi, vumbi zito likatupwa pembeni na kuanguka. Kisha hupitishwa katika mabomba marefu yanayopulizwa na upepo, au katika maji, ipate kupoa. Maana gesi ya moto hutanuka, na injini ikiivuta hupata kidogo. Mwisho hupita katika kichujio. Hapa watu wa Lindi wana jambo la kujivunia: wakati wa Vita Kuu ya Pili nyuzi za katani zilitumiwa katika vichujio vya baadhi ya magari ya gesi, kwa kuwa ni ngumu, hazibanani, na vumbi hunasa humo. Mtu aliye karibu na shamba la katani hana haja ya kuagiza kichujio ng'ambo.

Injini ya petroli yaweza kuendeshwa kwa gesi hii peke yake, ila hupungukiwa nguvu kwa theluthi moja mpaka nusu. Injini ya dizeli haiwezi peke yake, kwa sababu gesi hii haishiki moto kwa kubanwa tu. Huhitaji dizeli kidogo ya kuiwasha. Hata hivyo, tanuri likiwa zuri, dizeli inayotumika huweza kushuka mpaka robo hivi ya ile ya kawaida.

Kuliwasha na kulitunza

Makaa hutangulizwa chini mpaka juu ya matundu ya hewa, kisha kuni hujazwa. Feni ndogo huvuta hewa, na mwenge huingizwa penye tundu. Kwa dakika za kwanza moshi mweupe hutoka, huo haufai. Baada ya dakika 10 au 15 moshi hupungua, na gesi ikijaribiwa kwa moto penye bomba la nje huwaka kwa ulimi mtulivu usiozimika. Hapo ndipo injini huwashwa, na kazi ya feni huchukuliwa na mvuto wa injini yenyewe. Wahenga walisema palipo moshi pana moto; mtunza tanuri hili husema kinyume, kwamba moto ukiwa mzuri moshi hauonekani.

Taabu ya kila siku ni kuni kukwama. Vipande virefu au vilivyopinda hushikana ghalani vikafanya daraja. Chini yake pakawa patupu, hewa ikapita bila kazi. Kwa hiyo kuni hukatwa vipande vifupi vilivyo karibu sawa, visivyo vikubwa kuliko ngumi ya mtoto. Unga wa mbao nao haufai, maana huziba njia. Na unyevu usizidi sehemu 20 katika 100: kuni zenye maji hupoza moto, na moto ukipoa lami hurudi. Katika pwani yetu, mwenye hekima huzikata na kuzipanga bandani wakati wa kiangazi, kabla mvua za mwisho wa mwaka hazijaanza.

Kuni gani zafaa?

Vifuu vya nazi ni bora: ni vigumu, majivu yake ni machache, nasi huvitupa. Mabaki ya viwanda vya mbao pia yafaa. Katika upasuaji wa mpingo, sehemu kubwa kabisa ya gogo hubaki kuwa mabanzi yasiyofaa kwa zumari wala kinyago. Mabanzi hayo yana joto kali, nayo hayahitaji mti mwingine kukatwa. Maganda ya korosho, ijapokuwa ni mengi katika nchi yetu, yasitiwe hivi hivi, kwa kuwa yana mafuta makali yanayounguza ngozi, na lami yake ni nyingi mno. Kuni zilizolowa maji ya bahari pia ziepukwe. Chumvi huyayusha majivu yakagandamana kama jiwe juu ya chanja, na hula chuma. Mikoko iachwe ilinde pwani na mazalia ya samaki.

Sasa lipo jambo linalotaka hesabu, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Makaa yana lami kidogo, kwa hiyo tanuri la makaa ni rahisi kuunda na kutunza. Fundi mvivu atachagua makaa. Lakini fikirini gharama ya msitu. Badala ya lita moja ya petroli huhitajika kilo 3 hivi za kuni kavu, au kilo 1.5 ya makaa. Makaa yaonekana machache. Lakini tanuri la mkaa la udongo hula kilo 6 za kuni, na pengine kuzidi, kwa kutoa kilo moja ya makaa. Basi kilo 1.5 ya makaa ni kilo 9 za kuni, mara tatu ya zile za kwanza.

Chukueni mashine ya kusaga yenye nguvu za kilowati 10, ifanyayo kazi saa 5 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Kwa kuni hutumia kilo 12 hivi kwa saa, yaani tani 18 kwa mwaka. Kwa makaa hutumia tani 9. Lakini nyuma ya tani hizo 9 msituni zimeanguka tani 54. Hii ndiyo thamani ya lile koo jembamba la tanuri livutalo chini. Linaiunguza lami ili mtu aweze kutumia kuni zenyewe, na msitu upumzike. Kijiji kinachotunza msitu wake kwa mpango, kama Kikole na Kisangi huko Kilwa, ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji mwema wa misitu, kitaelewa upesi tofauti ya tani 18 na tani 54. Na hata hizo 18 zisichukuliwe ila pamekwisha kupangwa zitatoka wapi mwaka baada ya mwaka.

Hatari

Nasema polepole, ili kila mtu asikie. Kaboni monoksaidi ni sumu. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, miguu hulegea, mtu hulala, wala haamki. Katika hewa ya chumba, sehemu mbili tu kwa kila 1,000 huweza kumwua mtu katika muda wa saa moja hivi.

Injini ikiwa inavuta, tufu likiwapo katika bomba huingiza hewa ndani, wala gesi haitoki. Hatari kubwa ni wakati wa kuwasha, wa kuongeza kuni, na hasa baada ya kuzima: makaa bado ni mekundu, gesi inaendelea kufanyika, na hakuna wa kuivuta. Hapo hutoka nje kimya kimya. Kwa hiyo tanuri lisiwekwe chumbani wala katika banda lenye kuta nne. Likae chini ya paa tu, penye upepo, na mtu asilale karibu nalo. Mwenye kufungua kifuniko asiinamishe uso juu yake, kwani hewa ikichanganyika na gesi ya moto huweza kulipuka. Aliyeanza kuumwa kichwa na aondolewe mara moja kupelekwa penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali. Na anayekwenda kumwokoa mwenzake aliyeanguka asiingie peke yake, wasije wakawa wawili.

Imekwisha kujaribiwa?

Imejaribiwa sana. Katika Vita Kuu ya Pili, petroli ilipokuwa adimu, magari yapatayo milioni moja ulimwenguni yalikwenda kwa gesi ya kuni na makaa. Ujerumani ilikuwa na magari ya namna hiyo karibu 500,000, na Sweden zaidi ya 70,000. Vita ilipokwisha mwaka 1945 na petroli kurudi, watu waliyaacha upesi, wala si ajabu: dereva alichoka kuamka mapema kuwasha tanuri, kuzoa majivu na kuosha vichujio. Katika Afrika ya Mashariki, shamba la chai la Muzizi, magharibi ya Uganda, lilifunga mtambo wa namna hii mwaka 2006, likitumia kuni za mikalitusi kufua umeme.

Katika habari hizi twajifunza kwamba tanuri hili halimfai kila mtu. Kwa mwenye haraka, asiyekuwa na kuni kavu, wala mtu wa kulitunza kwa moyo, litakuwa chuma kibovu kabla ya mwaka kwisha. Lakini panapo mabaki ya mbao au vifuu, panapo fundi mwenye subira, na mafuta yakiwa ghali au njia ikiwa ni ya kukatika, lafaa sana.

Basi kabla ya kijiji kununua au kuunda tanuri la gesi, na kiulize maswali manne. Kuni zitatoka wapi, na msitu utabaki? Zitakaushwa wapi wakati wa mvua? Ni nani atakayelitunza kila siku, naye amefundishwa? Na litasimama wapi, mahali ambapo sumu yake haitamfikia mtu aliyelala? Kijiji kikiwa na majibu manne, tanuri litasaga. Kikikosa hata moja, ni heri kungoja mpaka lipatikane.